Shorobo wa Mkadam

Tangu lini mwanamume wa mjini, mtaa wa Malindi, akaacha usingizi wa Jumapili akaenda msituni kutazama ndege? Mashavu alijiuliza hilo mpaka kichwa kikamuuma. Mumewe, Mkadam, muuza mabomba na misumari, mtu ambaye hajapata kumwangalia mara mbili hata kuku wa jirani, siku hizi kila wiki anamtafuta shorobo kwenye msitu wa hifadhi. Na eti shorobo ni ndege adimu, ndiyo maana hamwoni. Haya bwana!

Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu Mashavu alishayaona. Mkadam hatoki hata kwenda dukani bila kujipaka mafuta ya udi, lakini siku za msituni alitoka hivi hivi, hanukii. "Harufu nzuri huita mbu," alisema. Mbu wepi! Mwanamume asiyetaka kunukia udi wa mke mkubwa, anakwenda kufukizwa na mke mdogo. Na huyo mke mdogo hakosi yuko shamba, kijiji cha Jambiani, maana njia ya msituni ndiyo hiyo hiyo ya Jambiani. Mashavu akaapa hatoingia uke wenza kimyakimya.

"Jumapili hii nnakwenda na wewe," alimwambia, akamkazia macho aone atakavyobabaika.

Mkadam akafurahi mno. Furaha ile ikamzidishia Mashavu wasiwasi.

Kwenye lango la msitu akawapokea Usi, kijana anayetembeza wageni. "Leo hukuja peke yako, Bwana Mkadam!"

"Kwani siku nyingine huja na nani?" Mashavu akadakia.

"Huja peke yake, Bi."

"Ndivyo alivyokwambia useme?"

Usi akacheka, akaona hachekewi, akatangulia njia.

Wakatembea. Buibui la Mashavu likanasa kwenye miiba, viatu vikajaa tope, na macho yake hayakuondoka kwenye mfuko wenye simu ya mumewe. Simu haikulia. Kaizima, mjanja huyu, alisema moyoni.

Ghafla Mkadam akamshika mkono. "Yule pale," alinong'ona.

Juu ya tawi palikuwa na ndege wa kijani, kisogo chekundu. Akarukia mti wa pili, na mbawa zilipofunguka zikawa nyekundu kama kanga mpya. Mashavu alimtazama kidogo tu, kisha akamgeukia mumewe. Mkadam kinywa wazi, machozi yanamlengalenga.

"Mashaallah," alisema kwa sauti ambayo Mashavu hakuijua. "Mashaallah, mzuri we!"

Kumbe Jambiani hapana mtu. Mashavu akasema alhamdulillahi, lakini ilikuwa ya mdomo tu. Alikumbuka usiku wa harusi yao, Mkadam alipoingizwa chumbani na yeye akafunuliwa shela. Mumewe alimtazama mara moja, akauliza feni inawashwa wapi.

Roho ikamuuma Mashavu. Mke mwenzio utamtukana, utamwendea hadi mlangoni kwao. Ndege utamfanya nini?

"Umemwona, mke wangu?" Mkadam aliuliza, uso bado juu.

"Nimemwona." Akamvuta mkono wa kanzu. "Mkadam, hebu nitazame na mimi."

"Ngoja kidogo," alisema Mkadam. "Asije akaruka."