Kidonge Kimoja Kati ya Vitatu

Foleni ya kumeza dawa ilianza saa moja na nusu asubuhi, na kila mgonjwa aliijua zamu yake bila kuitwa. Unafika dirishani, unataja namba yako, unapokea kikombe cha maji, unameza mbele ya muuguzi, unafungua kinywa, unainua ulimi. Muuguzi anachungulia kama anayetafuta sindano iliyoanguka, anapiga alama ya vema kwenye daftari, unakwenda zako.

Mpiga pasi alikuwa na miezi saba katika foleni hiyo. Akitoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa dobi kunyoosha mashuka ya nyumba za wageni, akipumzika kila baada ya shuka la tatu kwa sababu pumzi haikutosha la nne. Ugonjwa wake haukuwa kifua kikuu. Daktari alimwambia ni binamu wa kifua kikuu: hauambukizi watu ovyo, lakini ukishahamia kwenye pafu hautoki kwa kubembelezwa. Hutolewa kwa dawa tatu kwa pamoja, kila siku, mwaka mzima na zaidi.

Leo kwenye kifuniko cha plastiki kulikuwa na kidonge kimoja cheupe.

"Vingine viko wapi?"

"Havijaja," muuguzi alisema bila kuinua uso. "Meza hicho, dada. Vikija utapewa."

Mzee waliyemwita Mwenyekiti, kwa kuwa hakukosa hata siku moja kuwahi mwanzo wa benchi, alikuwa ameshameza chake na sasa alijuta kwa sauti. Aliwauliza waliokaa naye: mkewe akimwekea chumvi tupu mezani, aile na kushukuru kwamba ameshiba? Watu walicheka, wakaishia kukohoa.

Mpiga pasi hakucheka. Mwaka juzi alikuwa mtiifu. Dawa mbili ziliisha, akaambiwa ameze iliyobaki, akaimeza wiki sita na shukrani juu. Makohozi yalipopimwa, wadudu walikuwa wameshaizoea dawa ile kama mtu anavyozoea kelele za jirani. Ikawa haina kazi tena. Akapangiwa mchanganyiko huu mpya, na daktari, ambaye siku hizi amehamishwa, alimwambia polepole kwamba baada ya huu hana mwingine wa kumpa.

Na aliyewafundisha wagonjwa jambo hilo, kwenye benchi hilohilo, ni muuguzi huyu. Mdudu akipigana na watatu, aliwaambia, hapati nafasi ya kujifunza. Akikutana na mmoja, anamsoma.

"Ulisema mwenyewe," mpiga pasi alimkumbusha.

Muuguzi akainamia dirisha. Alinong'ona kwamba anajua, kwamba ameandika maombi mara nne na majibu hayaji, kwamba yeye naye ana wakubwa. Akamgeuzia daftari alione. Lilikuwa na safu mbili: amemeza, amekataa. Safu ya dawa kutokuwapo haikuwamo.

"Sasa nikuandike wapi, dada yangu?"

Mpiga pasi alikitazama kidonge. Akikimeza peke yake, anaiharibu dawa yake ya mwisho. Asipokimeza, wadudu wanaendelea kulitafuna pafu bila wa kuwazuia. Akakisukuma nyuma ya dirisha kwa kidole. Muuguzi akapiga alama ya mkasi kwenye safu ya amekataa.

Kufikia saa nne alikuwa ofisini kwa msimamizi wa kituo, mtu mpole, mwenye shati lililonyooshwa vizuri. Alimkaribisha kiti. Akaeleza, kama anayesoma, kwamba mgonjwa anayekataa dawa hutolewa kwenye orodha, na dawa zikifika hupewa aliye kwenye orodha ya kusubiri. Wanaosubiri ni kumi na mmoja. Lakini hakuna haja ya kufika huko. Aandike barua fupi ya kuomba radhi kwa ukaidi wake, ameze kidonge, mambo yaishe.

Mpiga pasi aliomba ampigie dada yake kwanza. Dada, aliyemlea tangu mama yao afariki, alisikiliza hadi mwisho, akasema andika tu, mdogo wangu, kalamu haiumi. Watoto wako bado wanakuhitaji. Kisha akalia, na simu ikakatika au akaikata.

Msimamizi alisogeza karatasi. Mpiga pasi aliandika taratibu, mkono uliozoea pasi ukiikandamiza kalamu mpaka meza ikatikisika. Aliandika tarehe na namba yake. Aliandika kwamba siku hiyo alipewa dawa moja badala ya tatu, na kwamba aliomba mbili zilizokosekana. Akatia sahihi.

Msimamizi alisoma, akageuza karatasi kutazama upande wa pili.

"Mama, mbona sioni radhi?"

Kikohozi kilimshika mpiga pasi. Msimamizi aliangalia dirishani mpaka kilipokwisha, akamsogezea glasi ya maji na, kando ya glasi, kidonge kwenye kifuniko chake.

"Sitaki kukufuta," alisema. "Neno moja tu. Hata mimi nitasema umeelewa, tutaendelea kama kawaida."

"Dawa zitakuja lini?"

"Hilo sijui."

Mpiga pasi alifuta mdomo kwa kitambaa, akakikunja asione kilichotoka, akasimama.

"Basi nifute, baba. Sijakosa kitu. Siombi radhi."