Aliyekaa kwenye Mstari wa Mia na Kumi na Mbili

Katika ofisi ya upimaji ardhi, Oktavia alimalizia chai yake ya tangawizi, akafungua tena ukurasa wa orodha ya mashamba. Ukakatika palepale. Wamiliki walikuwa mia mbili na wanne. Ukurasa ulionyesha mia na kumi na mmoja, kisha ilani: programu imekoma kabla ya kumaliza. Tangu Jumatatu alikuwa amekagua kumbukumbu zote za seva, akaiongezea programu muda, akaizima na kuiwasha mara tatu. Wapi! Na Ijumaa orodha ilitakiwa Njombe, ili hati za ardhi zitolewe.

Akaamua kuiendesha mstari mmoja mmoja. Ilipofika wa mia na kumi na mbili, alimwona marehemu Sadock amekaa juu ya kabati la seva, na gambuti zake, mikono ina utomvu wa misindano, miti yake ya mbao. Walimzika Lyamkena mwaka juzi.

"Kamwene, baba," Oktavia alimwamkia.

"Kamwene, mwanangu. Mimi hapo sipiti."

Mstari ule uliandikwa Obed, mdogo wake Sadock. Wapimaji walipofika shambani kwa Sadock, aliyewaonyesha mipaka yote ni Tabea, mjane wake, maana misindano ile aliipanda mwenyewe akiwa na mimba ya mtoto wao Jenifa. Obed akatokea mwishoni na kusema, "Mwenye mji sasa ni mimi." Basi wakamwandika yeye.

Ambrosi, mwenye ofisi ya upimaji, alikuja akampa marehemu mkono, akajifutia utomvu kwenye suruali.

"Pole, mzee. Sisi tunaandika tulichoambiwa. Oktavia, zima hizo ilani, programu isisimame tena. Funika kombe mwanaharamu apite."

Oktavia alizizima. Roho ilimuuma, lakini alizizima. Ukurasa ukashuka hadi mwisho, Obed akiwemo, na Ijumaa orodha ikapanda basi kwenda Njombe.

Sadock hakuondoka. Tabea, aliyezoea kuja kufuatilia jina lake na kuambiwa njoo kesho, alimkuta palepale.

"Baridi yote hii, sweta liko wapi?" alimfokea, machozi yakimlengalenga. Akavua lake, akamvisha.

Siku hizi huja kila mchana saa saba na viazi vya kuchemsha vya watu wawili. Oktavia amewawekea viti. Jana Sadock aliuliza kama misindano imenenepa.

"Imenenepa, baba Jenifa," Tabea alimjibu. "Obed ameanza kuikata."

Akamfunga kifungo cha sweta kilichofunguka, akammenyea kiazi kingine.