Zimwi Lililopika Siku Saba

Wanafunzi walimwita Mwalimu Dhamira, na jina likamganda. Miaka ishirini na ushei amewasomea ngano ileile: msichana anakataa kumsikiliza mama yake, anakwenda porini, zimwi linamchukua, linampikia siku saba, siku ya nane anatoroka. Haya, dhamira ni nini? Mwongozo unasema utii. Ukikosa, unaandika jibu sahihi mara hamsini. Hiyo ndiyo sheria yake, na usibishe.

Tangu mkewe afariki, alikuwa akisahihishia shuleni mpaka mfagizi amtoe. Nyumbani akamfuate nani? Siku hiyo alipitisha madaftari mbio mbio, jicho kwenye neno la kwanza tu. Utii, vema. Utii, vema. Upweke, kosa! Akagawa madaftari mchana uleule, lakini neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba. Upweke? Huyu kalitoa wapi?

Akaenda kuazima daftari la binti aliyeandika hivyo, akasoma jibu lote.

"Zimwi lilikuwa na njaa lakini halikumla. Lilipika, likakaa kumtazama akila. Naona lilichoka kula peke yake."

Loo! Mwalimu mzima, asome ngano miaka yote hiyo asilione hilo! Na yeye ndiye mtu ambaye mpaka leo anapika cha watu wawili, kisha anamwaga nusu. Machozi yakamtoka, akasingizia vumbi la chaki. Hakuwaza alama tena. Alitaka kukaa na huyu mtoto wazungumzie lile zimwi, basi, hata dakika tano.

Asubuhi hakungoja kengele, akaingia darasani wanafunzi wakiwa wameshaketi. Binti alikuwa dawati la nyuma, ameinamia karatasi.

"Mwanangu, jibu lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea."

Binti akasimama kwa adabu, akamkabidhi ile karatasi. Utii, utii, utii, mara hamsini kamili, mwandiko safi.

"Hapana, mwalimu. Nilikuwa nafikiria ovyo tu. Sasa nimeelewa."

"Umeelewa nini?"

"Lilikuwa linamnenepesha, ili limle."

Darasa zima likaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, asiyetii huliwa, hivyo hivyo alivyotufundisha mwalimu. Upande wa zimwi akabaki mwalimu peke yake.