Pua ya Mama Mukwe

Fundi Fabien, mtengeneza boti wa Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, alikuwa na ugonjwa mmoja: ukimsifu, anakana. Umwambie boti yake imekaa vizuri, atatazama vidole vya miguu na kusema, "Aa, nimejaribu tu. Bafundi ba kweli biko Kazimia." Watu walimwita mnyenyekevu. Unyenyekevu gani, jamani! Moyoni alijua kabisa kwamba ufukweni pale hakuna mkono kama wake. Alikuwa akingoja tu abishiwe, asifiwe mara ya pili.

Mkewe, Marie, alimjua. "We mwanaume," alimtania, "iko siku batakuamini." Alimcheka pia kwa namna alivyoukunja ubao wa mbele wa kila boti ukainuka kidogo nchani. Aliuita pua ya mama mukwe, maana Fabien na mama yake walikuwa na pua ya vile vile.

Vita vilipofika, Marie alivuka ziwa na majirani. Fabien alibaki kumuuguza mama yake. "Nitakuja na boti ya mikono yangu," alimwahidi mkewe. "Utaitambua." Mama akazikwa, simu ya Marie ikanyamaza, miaka ikaenda. Zikabaki habari za wasafiri tu: yuko Kigoma, anauza dagaa pale boti zinapofikia, na kila boti inayoingia anaitazama mbele. Fabien alimtamani, lakini boti zote alizoagizwa zilikuwa za wavuvi wa karibu, hakuna ya kuvuka.

Ndipo Mama Félicité, mchuuzi wa mawese, alipoagiza boti kubwa ya kwenda Kigoma. Fabien aliitengeneza kama mtu anayejenga nyumba ya kuoa. Desturi ya ufukwe ule ni kwamba safari ya kwanza fundi anapanda. Lakini kwanza mwenye boti anamuuliza mbele ya abiria kama itafika, naye anajibu kwa kinywa chake.

Asubuhi ya safari Fabien alivaa shati alilonunuliwa na Marie.

"Fundi," Mama Félicité akauliza, "boti hii itatufikisha?"

Itafika! Neno moja tu, na lilikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mazoea ni kitu kibaya. Akatazama vidole vyake. "Aa, mama, miye nimejaribu tu. Bafundi ba kweli biko Kazimia."

Mama mmoja alimshika mwanawe mkono, akashuka naye.

"Kama weye mwenyewe hauiamini," alisema Mama Félicité, "mi nitie humo batoto ba bantu?"

Fabien alijaribu kueleza, lakini nani alimsikiliza? Abiria walikataa kusafiri na fundi mwenye mashaka. Akaitwa Alphonse wa Kazimia, akaikagua boti ubao kwa ubao, akasema, "Iko muzuri. Itafika." Akapanda yeye.

Boti iliporudi, nahodha Dieumerci aliruka chini akicheka. "Fundi, kule Kigoma tuliona mambo! Mama mmoja muuza dagaa alishika ubao wa mbele, akacheka peke yake, 'Mama mukwe, habari ya siku nyingi!' Tukasema huyu ana wazimu. Kisha akauliza fundi iko wapi. Alphonse akainuka, 'Ni miye.'"

"Na yeye?" Fabien aliuliza.

"Aliacha kucheka. Akafunga kitenge, akabeba beseni yake, akaenda."

Fabien alichuchumaa pale pale mchangani, akalia mbele za watu bila kujificha. Alipomaliza, alimwendea Mama Félicité, aliyekuwa akipakia madumu ya safari ya pili, abiria wakiwa wameshakaa.

"Mama, uniulize tena lile swali."

Mama Félicité aliweka dumu chini. "Haya. Boti hii itafika?"

Safari hii Fabien hakutazama vidole. "Itafika," alisema kwa sauti. "Nimeitengeneza miye, kila ubao, na ufukwe huu mzima hakuna boti inayoipita."

"Si ungesema toka mwanzo!" alisema Mama Félicité, akasogeza dumu kumpa nafasi.

Fabien akapita mbele kabisa. Akakaa ameuegemea ubao ule ulioinuka, pua karibu na pua, ili Marie akiiona moja aione na ya pili.