Daraja la Kijivu

Mimi nina hasira za karibu, nakubali. Siku kaka yangu Gideoni alipotoka Taveta na mashine ya gemu, nilimsema mbele ya watu. Mchezo wenyewe ulikuwa wa rangi. Vipande vitatu vinashuka pamoja kutoka juu, unabonyeza kubadilisha mpangilio wao, na ukipanga vitatu vya rangi moja vinatoweka, vya juu vinadondoka. Rundo likifika juu, umekwisha. Na tivii yetu pale Same ilikuwa ya chogo, haina rangi hata ya dawa.

"Akili unazo kweli?" nikamwuliza. "Unanunua mchezo wa rangi, unauleta kwenye tivii ya kijivu?"

"Kule dukani ulikuwa na rangi," akajitetea.

Ilikuwa mwaka tisini na tano. Vitu vilikuwa vimejaa madukani, kazi ndizo zilikuwa hazipatikani. Baba yetu, Nathanaeli, alikuwa amepanga madaraja ya katani kwenye shamba la mkonge kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa akishika singa, zile nyuzi za mkonge, anazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, anataja daraja, na hakuna wa kumbishia. Shamba likauzwa, mwenye mali mpya akapunguza watu. Baba akarudi nyumbani, akanyamaza. Ukimwambia shikamoo ataitika marahaba, basi, mpaka kesho. Mama alikuwa akimpelekea chai chumbani kama mgonjwa. Mwaka ule nilitaka kitu kimoja tu, baba azungumze na sisi tena.

Jioni ile tulikuwa tunashindwa vibaya, kila kipande tunabahatisha, ndipo tukasikia sauti nyuma yetu.

"Hicho cha kati si daraja moja na cha kushoto. Kipeleke kulia."

Baba alikuwa amesimama mlangoni. Gideoni akakipeleka kulia, vitatu vikatoweka. Baba akavuta kigoda akakaa. Sisi tuliona kijivu kitupu, yeye aliona daraja la kwanza, la pili, la tatu, hafifu na la kutupa. Tukaviita hivyo hivyo. Mpaka leo sijui daraja la pili lilikuwa kijani au nyekundu, na sitaki kujua.

Tangu hapo baba akawa anakula sebuleni. Kipande kikishuka atasimulia habari za shambani, wakataji waliotoka Songea na Kigoma, nani alikuwa mvivu, nani aliimba vizuri. Majirani walikuja kumtazama akicheza, maana rundo lake halikuwahi kuvuka nusu. Nilifurahi mpaka nikaacha kugombana na Gideoni, na hilo si jambo dogo.

Sasa ona mdomo wangu. Biashara ya mitumba ya Gideoni ilipokaa vizuri, nikamng'ang'ania: mzee anastahili tivii ya rangi. Krismasi ya mwaka uliofuata akaileta. Nyaya niliunga mwenyewe, nikamwita baba aje aone madaraja yake. Kioo kikawaka nyekundu, njano, bluu. Mary, mtoto wa jirani ambaye hata shule hajaanza, akachukua pedi ya kuchezea akapanga vitatu bila kumwuliza mtu. Tukampigia makofi.

Baba akatazama kidogo.

"Sasa kila mtu anaona," akasema, bila kinyongo, akaenda chumbani.

Siku tatu, marahaba tu. Mama akaanza tena kupeleka chai. Nilijilaumu, nikamlaumu na Gideoni aliyenisikiliza. Siku ya nne nikashika rimoti, nikapunguza rangi mpaka picha ikawa kijivu kama ya zamani, nikamwita.

Akaja, akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Umezizima," akasema.

"Ndiyo, baba."

Nilikuwa nalia, na mimi silii hovyo. Akavuta kigoda, akachukua pedi, akacheza. Vipande alivipanga ovyoovyo makusudi, la kwanza juu ya hafifu, la tatu juu ya la kutupa, rundo likafika juu upesi. Akanikabidhi pedi.

"Rudisha rangi, Koleta. Cheza wewe, mimi nitatazama."

Nikarudisha. Alikaa pale pembeni yangu mpaka chakula kikaiva, na hakutaja daraja hata moja.