Mahali Mwali Anapotuliwa

Kosa la Mwalimu Magdalena lilikuwa dogo, lakini mzee Fransisko alilikuza mpaka likawa kubwa kuliko nyumba yake. Mwalimu alikwenda kwa baba.

Mtu wa Moshi angejuaje? Kwao mtoto ni wa baba, na baba akishasema amesema. Huku Uluguru, upande wa Matombo, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye neno ni mjomba. Magdalena alipotaka Paskalia afanye mtihani wa kuingia shule mpya ya wasichana, alivaa viatu vyake vya Jumapili, akapanda mlima hadi kwa Benedikto, baba wa binti, akamweleza yote. Benedikto akafurahi, akakubali, akamchinjia mgeni kuku. Tatizo ni kwamba kukubali kwake kulikuwa na uzito sawa na kukubali kwa yule kuku.

Habari zilimfika Fransisko, mjomba mwenyewe, akiwa anapima kahawa ya jirani. Aliacha mizani ikining'inia.

"Mpwa wangu anagawiwa kama mkungu wa ndizi," alisema, "na mimi nasikia njiani?"

Lililomuudhi zaidi ni kwamba Paskalia alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani tangu avunje ungo, na mwali haonwi na jua wala na mwanaume. Kungwi wake anaingia, wanawake wa ukoo wanaingia, anafundwa na kulishwa hadi siku ya ngoma. Siku hiyo mjomba humbeba begani, miguu isiguse ardhi, akamzungusha uwanjani watu wamtazame. Kisha humtua, na pale anapomtua ndipo ukoo unakuwa umesema neno lake juu ya mtoto huyo. Wengi walituliwa kwenye mkeka, mbele ya wazee waliokuja na posa. Fransisko alikuwa ameshatangaza ngoma, itakuwa baada ya Krismasi, na mzee Dadi wa ng'ambo ya mto, mwenye kijana wa kuoa, alikuwa ameanza kumsalimia kwa adabu isiyo ya bure.

Veronika, dada yake Fransisko na mama wa Paskalia, ndiye aliyemweleza mwalimu alipokosea. Kesho yake Magdalena alikuja tena, safari hii kwenye mlango wa Fransisko. Alivua viatu, akaketi mkekani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mjomba wa nani?"

"Wa Paskalia. Nilipotea njia, nimekuja kuianza upya."

Fransisko aliyapenda maneno hayo, ila hakutaka yaonekane usoni. Alikohoa, akamwambia aseme.

Mwalimu akasema. Huko bondeni, karibu na mji wa Morogoro, shule hiyo mpya ilikuwa na chumba cha sayansi: meza ndefu, mizani, chupa, madirisha makubwa. Chumba cha namna hiyo siku zote kilikuwa cha wavulana, wasichana wakifundishwa kushona na kupika jamu. Sasa wasichana walikuwa wamefunguliwa mlango, na kwa vijiji vyote vya misheni vya upande ule wa mlima kulikuwa na nafasi moja. Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi. Mwakani Paskalia angekuwa amepita umri.

"Na kwa nini yeye?"

"Kwa sababu ananichosha, mzee. Kabla hajawekwa ndani aliniuliza kwa nini maji ya mtungi ni baridi kuliko maji ya debe. Nikahangaika na vitabu hadi nikampa jibu. Kesho yake akaja na swali la pili."

Fransisko alicheka, kisha akakumbuka kwamba ana hasira.

"Hayo ni mazuri. Lakini huyu ni mwali. Anayeingia kumfundisha mwali ni kungwi. Wewe ni kungwi?"

"Hapana, mzee."

"Basi kawe kungwi, halafu uje tuzungumze."

Alidhani amemaliza. Alisema vile kama mtu anavyomwambia mwenzake akachote maji kwa kikapu. Hakumjua Magdalena.

Kungwi wa kijiji alikuwa Bibi Mosi, mwanamke aliyefunda nusu ya akina mama wa mlima ule, Wakristo kwa Waislamu, na ambaye hakumwogopa padri wala jumbe. Magdalena alimwendea, akaomba awe msaidizi wake. Bibi Mosi alimtazama vile viatu, akamwonyesha kinu. Kuanzia siku hiyo, shule ikifungwa, mwalimu alikwenda kutwanga. Akapanda msituni kwenye kuni. Watoto aliowafundisha asubuhi walipishana naye jioni akiwa na mzigo kichwani, shingo imepinda, wakajificha migombani wacheke. Aliwaita kwa majina yao, akawaambia kazi ya hesabu iwe tayari kesho. Malengelenge yalimtoka mikononi, yakapasuka, yakatoka mengine. Hakulalamika wala hakujifanya anafurahi.

Mwisho Bibi Mosi alimfungulia mlango. "Ingia. Lakini asubuhi ni ya kwangu. Ya kwako baadaye."

Wiki hazikupita nyingi, Bibi Mosi akaja kwa Fransisko, uso umekunjamana.

"Fransisko, mwanangu, maji ya nyumba ile hayana adabu tena. Yanapanda."

"Yanapanda wapi?"

"Yanatoka kwenye chungu kikubwa, yanapanda kwenye bua la jani la mpapai, yanavuka ukingo, yanashuka kwenye chungu kidogo kilicho chini. Hakuna aliyeyamimina. Paskalia alivuta kidogo kwa mdomo, basi, yakaenda yenyewe. Nikamwambia ayasimamishe, akaziba kwa kidole. Nikamwambia ayarudishe, akaniambia, 'Bibi, nyanyua chungu kidogo juu ya kile kikubwa, yatarudi.' Nikanyanyua. Yakarudi."

"Ukaogopa?"

"Nikarudia," alisema Bibi Mosi, akatazama pembeni. "Sikiliza. Asubuhi namfunda ya kwangu, na hasahau hata moja. Jioni nakaa kimya nasikiliza ya mwenzangu. Nimefunda mabinti wengi mimi. Kichwa cha namna hii sijakifunda. Mwache afanye huo mtihani."

Alisema "mwenzangu." Fransisko alilisikia neno hilo, akajua kwamba mwalimu ameshakuwa kungwi na yeye amenaswa na mdomo wake mwenyewe.

"Mtihani nakubali," alisema. "Mwanaume asimwone uso. Na shule sijakubali. Msiniwekee maneno mdomoni."

Siku ya mtihani walishuka mlimani asubuhi, Paskalia amefunikwa kanga utosini hadi miguuni, wanawake wamemzunguka, Bibi Mosi mbele. Mbele yao wote alitangulia Fransisko na fimbo yake, akiwafukuza wanaume njiani. Aliwafukuza wachuuzi, akamfukuza fundi baiskeli, akamfukuza hata katekista. Ungemuuliza kwa nini amekuja, angekwambia analinda heshima ya ukoo. Ukweli ni kwamba lile bua la mpapai halikumtoka akilini.

Msimamizi wa mtihani alikuwa Bwana Lukasi kutoka mjini, kijana aliyepiga pasi kaptula yake hadi ikasimama. Alipoona furushi la kanga linaingia darasani, aliweka kalamu chini.

"Huyu ni nani?"

"Paskalia Benedikto," alisema Magdalena. "Ni mwali. Ataandika nyuma ya jamvi."

Bwana Lukasi hakuwa mtu mbaya. Alikubali jamvi litundikwe kwenye kona, Bibi Mosi akaketi huko na binti, na karatasi zikapita chini. Lakini maandishi yalipokwisha alitikisa kichwa. Lililobaki lilikuwa jaribio la vitendo, na sharti lilikuwa aone kwa macho yake mtoto akifanya kazi.

"Siwezi kutoa maksi kwa jamvi," alisema. "Afunuliwe, au aondoke."

Magdalena alikuwa amekunja mikono yake yenye malengelenge, akimtazama Fransisko. Mzee alikuwa amesimama mlangoni na fimbo, na alishangaa kugundua kwamba anaogopa. Alikuwa amekuja akidhani anaogopea heshima yake. Kumbe aliogopa mtoto asije akarudishwa.

"Bibi Mosi," aliita. "Mwali amefichwa nini?"

Sauti ilitoka nyuma ya jamvi, taratibu, ya mtu anayepima kila neno. "Amefichwa uso."

"Na mikono?"

Hadi siku hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza Bibi Mosi swali hilo, na jibu lake lingebaki kijijini baada yake. "Mikono ni ya kazi," alisema mwisho. "Mikono haikufichwa kamwe. Mwali anasuka ukili humu ndani, anapepeta. Leta kisu."

Wakalipasua jamvi la watu katikati, na mikono miwili ikatoka. Ilikuwa imepauka kwa kukaa kivulini, myembamba, kucha zimekatwa vizuri. Bwana Lukasi aliweka mbele yake rula ya mbao, uzi, jiwe, na kipande cha chuma cha nusu ratili.

"Nipe uzito wa jiwe hili," alisema. "Mizani hakuna."

Mikono ilitulia. Kisha mkono mmoja ulichukua uzi, ukaifunga rula katikati kabisa, ukaining'iniza kwenye msumari wa meza. Ukaijaribu kwa kidole mpaka rula ikalala sawa. Jiwe likafungwa karibu na katikati, chuma kikafungwa upande wa pili, kikaanza kusogezwa. Rula ikainama huku. Kikasogezwa tena, pole pole, kwa ncha ya kidole, hadi rula ikalala kama maji ya bwawa.

Fransisko aliitambua. Ilikuwa mizani yake mwenyewe, ile ya mkono, yenye chuma kinachosogea. Miaka yote alikuwa anakisogeza kile chuma kwenye kahawa za watu, na hakuwahi kujiuliza kwa nini kikienda mbali kinakuwa na nguvu zaidi. Mtoto huyu aliyekaa gizani alikuwa ameitengeneza kwa uzi na kijiti. Moyo wake ulijaa mpaka akashika mwimo wa mlango.

Mwali hazungumzi na mwanaume, kwa hiyo kulikuwa na mnong'ono nyuma ya jamvi, na Bibi Mosi ndiye aliyetangaza.

"Anasema ratili moja. Chuma kiko mbali mara mbili ya jiwe, basi jiwe ni zito mara mbili ya chuma."

Bwana Lukasi aliandika. "Na jiwe likizidi uzito, rula ikakosa nafasi ya kusogeza chuma?"

Mnong'ono. "Anasema utasogeza jiwe liwe karibu zaidi na uzi." Bibi Mosi akaongeza la kwake: "Jambo lenyewe liko wazi, Bwana. Hata uzito wa chungu tuliupima hivyo."

Bwana Lukasi alicheka, naye alikuwa hajacheka tangu asubuhi. Alitoa mizani kwenye sanduku lake, akaliweka jiwe. Ratili moja. Aliinuka, akaliinamia jamvi kidogo kama mtu anayemuaga mtu mzima, akasema, "Asante, binti." Mikono ikarudi ndani.

Majibu yalikuja kabla ya Krismasi. Paskalia alikuwa wa kwanza, nafasi ilikuwa yake. Magdalena alimletea Fransisko habari hiyo akaketi mkekani kusubiri neno. Fransisko alimwagizia ndizi na chai, akazungumza juu ya mvua. Veronika alilia jikoni. Benedikto alikwenda Morogoro, akarudi na sanduku la bati, akaliweka nyuma ya nyumba bila kumwambia mtu amelinunulia nini. Alijua hana neno. Sanduku angalau hakuna aliyemkataza.

Siku ya ngoma ilikuwa Jumamosi, siku ambayo lori la ndizi hushuka mjini. Shule ingefunguliwa Jumatatu. Pombe ilinywewa, ngoma zikalia, mzee Dadi na wazee wake wakaketi mbele ya mkeka mpya, kanzu zimenyooka. Mlango ukafunguliwa. Fransisko aliinama, akambeba Paskalia begani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi jua likamwona. Alifumba macho kwa mwanga, kisha akayafumbua, akatazama kila kitu kama mtu mwenye maswali.

Fransisko alizunguka uwanja mara moja. Alipoukaribia mkeka, mzee Dadi aliweka kofia yake sawa. Fransisko akaupita. Akapita kinu, akapita migomba, akashika njia ya kushuka barabarani.

Wapiga ngoma walisita, mikono hewani.

"Mmesimama nini?" Bibi Mosi aliwauliza. "Mwali hajatuliwa bado. Pigeni, mfuateni."

Wakafuata. Uwanja mzima ukateremka mlima na ngoma zake, Benedikto akikimbia nyuma na sanduku kichwani.

"Mjomba," Paskalia alinong'ona, "njia inateleza. Nishushe nitembee."

"Nyamaza wewe. Miguu haijagusa chini."

Jasho lilimwingia machoni, lakini hakusimama hadi kwenye lori. Magdalena alikuwa pale na kikapu chake, amekuja kuondoka peke yake kama ingelazimu. Fransisko alimpita, akanyoosha mikono, akamtua mpwa wake juu ya magunia, mbele ya ukoo mzima.

"Mwalimu," alisema alipopata pumzi, "safari ijayo unajua pa kuanzia."

Lori lilipopotea kwenye kona alipanda mlima taratibu, akiwa ameshika kiuno. Mzee Dadi alikuwa bado ameketi mbele ya mkeka mtupu.

"Fransisko, ndugu yangu," alisema, "sisi tunamsubiri mwali atuliwe."

"Nimeshamtua," alisema Fransisko, akaketi kwenye mkeka apumzishe mgongo.