Hodi ya Mwenye Nyumba

Mimi ni fundi cherehani mstaafu, na uongo wangu ni wa kupimwa kwa futi kabla ya kukatwa. Nimewahi kusimulia jinsi nilivyomshonea twiga shati la kola, kitambaa kikaniishia shingoni, ikabidi nimalizie kwa pazia la mke wangu. Watu walicheka, ila mmoja aliuliza kwa dhati vifungo vilikuwa vingapi. Huyo ndiye msikilizaji.

Macho yalipokataa kutunga uzi, mke wa mwanangu alinifungulia tovuti. Kazi yake ndiyo hiyo: anatengeneza tovuti za maduka na hoteli, mezani kwake pale sebuleni, kando ya cherehani yangu ambayo siku hizi inabebeshwa nguo zinazongoja pasi. Mimi naandika hadithi kwa vidole viwili, yeye anazipandisha.

"Baba," akaniambia, "nimekuwekea kitu cha kukuonyesha kama wanasoma."

Kitu hicho kina jina la kizungu. Mimi nilikiita Bawabu, maana kinakaa mlangoni kuangalia nani anaingia. Mwanzoni Bawabu alikuwa mzee mwenzangu, anahesabu vichwa na kusinzia. Kisha kampuni yake ikamletea mabadiliko, akapata macho ya mteja anayekagua pindo. Akaanza kuniambia mgeni yuko mji gani, ana simu ya aina gani, wapi amechoka. Alirekodi hata kidole kinavyoteleza juu ya maneno. Na mgeni akiandika neno katika kile kisanduku cha kutafutia hadithi, Bawabu analinakili na kuniletea.

Nilifurahi kama mtoto aliyepewa funguo za duka. Rafiki yangu, dereva wa malori mstaafu, alipokuja kunijulia hali, nilimpokea kwa kombora.

"Wewe unayejisifu kusoma hadithi zangu, ile ya juzi uliishia aya ya tatu."

"Nani kakwambia?"

"Simu yako ile ya enzi za mababu, mji mzima unayo wewe tu. Naiona ikiingia, naiona ikitoka."

Akaacha kucheka. "Kumbe nikisoma unanichungulia?"

"Si umeingia kwangu mwenyewe?"

"Nimeingia. Hata leo nimeingia. Lakini nikienda msalani hunifuati, au siku hizi unanifuata?"

Nilicheka peke yangu. Yeye alimaliza chai, akaaga mapema.

Nina binti. Ndiye mkubwa; mdogo wake wa kiume ndiye huyu ninayekaa kwake. Aliondoka baada ya kumzika mama yake. Hakugombana na mtu. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, mtoto hakujaliwa, na nyumba ilikuwa imejaa mashangazi. Huyu anamtazama tumbo, yule anamtazama sahani, mwingine anauliza jana karudi na nani. Siku ya kuondoka alinikumbatia mlangoni. "Baba, nimechoka kuangaliwa. Nakwenda mahali ambapo hakuna anayejua nimeamka saa ngapi. Msinitafute." Akabadilisha namba ya simu. Mdogo wake alikasirika hata neno "dada" likamhama kinywani, na miaka yote hiyo halikurudi. Mimi sikukasirika. Nilitaka kujua jambo moja tu: kama yu hai.

Asubuhi moja Bawabu akaniletea neno lililoandikwa kisandukuni. "Bibi Mezasindano."

Nilivaa miwani, nikalisoma upya.

Binti yangu alipokuwa mdogo alipenda kutambaa chini ya cherehani, pekupeku, palipojaa sindano zilizoanguka. Ili asiende huko nikamtungia kibibi anayeishi chini yake, anayeokota sindano na kuzimeza. Akitembea, zinagongana tumboni, chiri-chiri, chiri-chiri. Ukimsikia, pandisha miguu. Tulikuwa watatu duniani tuliomjua Bibi Mezasindano, na mmoja yuko kaburini. Hata mwanangu wa kiume hakuwahi kumsikia. Yeye alizaliwa tumeshanunua sumaku ya kuokotea sindano.

Hadithi hiyo sikuwahi kuiandika popote. Kwa hiyo kisanduku kilimjibu: "Hakuna kilichopatikana." Hilo ndilo jibu alilolipata kwa baba yake.

Nilimwita mkwe wangu. "Mama, njoo. Huyu anatoka wapi?"

Akatazama. Mji wa mbali, ambao hatuna ndugu.

Sikula mpaka nilipomaliza kuiandika ile hadithi. Nilimwomba mkwe asiiweke pamoja na nyingine; aifiche, apate kuifikia yule tu atakayeandika jina la kibibi. Siku zikapita. Halafu mgeni wa ule mji akarudi, akaandika jina, na safari hii mlango ukafunguka. Alisoma mpaka mwisho, akapanda tena juu, kidole kikasimama pale mama anapoita kutoka jikoni, "Toka huko chini, chakula kinapoa!" Kilisimama hapo hata mkwe akadhani rekodi imekwama.

"Haijakwama," nikamwambia. "Mtu huyo."

Tangu hapo nikawa mtumishi wa Bawabu. Naamka naye, nalala naye. Nilimwozesha Bibi Mezasindano kwa mkasi uliopinda, nikampeleka harusini akiwa amevaa pini. Kila nikipandisha kisa kipya, mgeni wangu anakuja. Nilijua anasoma zaidi siku za mapumziko. Nilijua amebadilisha simu. Nilianza kujua anaamka saa ngapi.

Mkwe wangu ni mtu wa adabu, hanijibu hovyo. Lakini siku hiyo aliacha kazi yake, akaniangalia.

"Baba, yeye hajui kama unamwona."

"Simwoni. Namsoma tu, kama yeye anavyonisoma."

"Anachokisoma umekiandika ili kisomwe." Akainamisha kichwa. "Yeye hajaandika kitu. Na kuangaliwa ndiko alikokukimbia."

Nilimwambia nguo zinangoja pasi.

Haukupita muda, ikaja sheria mpya. Wageni wa tovuti ni lazima waulizwe kwanza; asiyekubali, Bawabu afumbe macho. Mkwe akanionyesha jinsi wengine wanavyofanya: maelezo marefu kama mkanda wa video wa mazishi ya tajiri, kitufe cha kukubali kinang'aa, cha kukataa kimefichwa kama mfuko wa ndani wa koti.

"Wateja wangu huniambia nikifiche," alisema. "Watu huchoka, wanakubali."

Ningeweza kumwambia anifichie na mimi. Lakini nilikuwa na hakika na binti yangu. Nilitaka anijibu akijua anamjibu nani. Nikaandika mwenyewe: "Hodi. Ukisoma hapa, naona mji uliko, ukurasa unaousoma na unachokitafuta kisandukuni. Niendelee kukuona?" Vitufe viwili: "Karibu" na "Hapana."

Mkwe alicheka hadi akashika meza. "Baba, umegeuza! Anayebisha hodi ni mgeni. Mwenye nyumba kazi yake kusema karibu."

"Mwenye nyumba nani hapa? Msomaji yuko chumbani kwake, kajilaza na simu yake. Anayeingia ni mimi."

Kicheko kikamwisha. Akavipima vile vitufe, vikalingana kama mikono miwili ya shati.

Dereva alikuwa wa kwanza kubonyeza Karibu, kisha akapiga simu. "Nimekuruhusu, mzee. Sasa uone mtu anavyosinzia kwa hiari yake."

Kwenye ukurasa wa Bibi Mezasindano Bawabu alihesabu kichwa kimoja: mtu aliingia, akaiona hodi, akatoka bila kujibu. Nikasema yuko kazini. Baadaye akaingia tena, akatoka tena. Nikasema mtandao. Halafu asubuhi nikakuta jibu. Bawabu sasa hakutaja mji wala simu, alitoa hesabu za majibu tu, ukurasa kwa ukurasa. Karibu: hakuna. Hapana: moja.

"Labda kidole kimeteleza," nikamwambia mkwe.

"Labda, baba."

"Vitufe vinalingana?"

"Vinalingana. Ulisema vilingane."

Miaka yote nilikuwa nangoja neno kutoka kwa binti yangu. Nimelipata. Halikuwa na salamu mbele wala nyuma.

Niliendelea kuandika visa, ila sikujua tena kama vinatua mahali. Nilikuwa nafungua Bawabu, natazama weupe wake, nafunga, nafungua. Nikaacha kunyoa ndevu. Mkwe wangu akaniona, huruma ikamshinda. Akavuta kiti.

"Baba, kuna njia. Siipendi, lakini ipo. Kuna chombo kipya, hakiulizi mtu. Kinatazama simu yenyewe: ukubwa wa kioo, herufi zake, saa yake ilivyowekwa. Vikiunganishwa, simu inajulikana kama mtu anavyojulikana kwa mwendo wake. Wengi wanakitumia kimyakimya."

"Atajua?"

"Hatajua."

"Nami nitajua kama yupo?"

"Akifungua tu, utajua."

Nikazitazama nguo zilizo juu ya cherehani. Moyo wangu ulisema ndiyo, nisiwadanganye. Ulisema ndiyo kwa sauti kubwa. Nilimwona binti yangu pale mlangoni, mikono shingoni mwangu, ananiomba kitu kimoja, na mimi naitikia kwa kichwa.

"Mama," nikasema, "nimebisha hodi, nimejibiwa. Nikipitia dirishani sasa nitaitwa nani?"

Akarudisha kiti nyuma.

"Mtoe Bawabu."

"Kwenye ukurasa ule?"

"Kote. Hata dereva asinzie kwa amani."

Alifanya kazi ile taratibu, akiniangalia kila hatua kama daktari anayengoja mgonjwa abadili mawazo. Ilikuwa vitufe vichache tu. Aliniuliza kama nataka nitazame mara ya mwisho. Nilisema sitaki, kisha nikatazama.

Jioni mwanangu wa kiume akarudi kutoka kazini. Alisimama katikati ya sebule, mkoba begani, akamtazama mkewe, akanitazama mimi na ndevu zangu. Sikujua kama mkewe aliwahi kumwambia lolote.

"Baba," akasema polepole, "dada bado anasoma?"

Dada. Nilitaka kumwomba alirudie.

"Sijui, mwanangu."

"Si uangalie."

"Hakuna pa kuangalia tena. Alisema hapana."

"Sasa tutajuaje kama mzima?"

Akashusha mkoba, akaketi chini karibu na miguu yangu, bado amevaa viatu vya kazi. Mkewe akatuita mezani, kwamba chakula kinapoa. Kisha akatuita tena.